Mchuzi wa kondoo wa nazi, kuanzia buchani hadi mezani

Mtu anayesema hali kondoo kwa sababu ananuka, mara nyingi alilishwa kondoo aliyepikwa kama ng'ombe. Nyama ilitumbukizwa sufuriani na mafuta yake yote, ikamiminiwa mafuta ya kupikia juu yake, ikachemshwa kwa moto mkali, kisha ikaletwa mezani imeshaanza kupoa. Kondoo ana utamu wake ambao huupati kwa ng'ombe, na sehemu kubwa ya utamu huo imo kwenye mafuta. Harufu inayowakimbiza watu nayo imo kwenye mafuta hayohayo. Kwa hiyo mpishi wa kondoo kazi yake kubwa ni kuyasimamia mafuta: ajue yapi ya kutoa kwa kisu, yapi ya kuengua kwa upawa, na kiasi gani abakize cha kukaangia kitunguu.

Mchuzi ninaoueleza hapa ni ule wa nazi unaopikwa pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa, ukishuka Tanga, ukavuka Unguja na Pemba, hadi Dar es Salaam. Kila nyumba ina mkono wake. Kuna wanaotia viazi na wasiotia, kuna wanaopenda ukwaju na wanaotaka ndimu peke yake, na wengine hupika kwa nyanya tupu bila tui. Nitakaoufuata unatosha watu sita, na unahitaji kama saa tatu na nusu, mbali na saa ile ya nyama kulala na chumvi, ingawa nusu ya muda huo moto unafanya kazi na wewe unaendelea na mambo mengine.

Kuhusu hayo mafuta

Katika mafuta ya kondoo mna asidi zenye harufu kali ambazo kwa ng'ombe ni chache mno. Huongezeka kadiri mnyama anavyozeeka, na kondoo dume asiyehasiwa huwa nazo zaidi kuliko jike au aliyehasiwa. Ndiyo maana nyama ya kondoo mchanga haisumbui mtu, na ndiyo maana familia mbili zikinunua kondoo soko moja, moja husifu na nyingine hulalamika.

Jambo la pili ni kuganda. Mafuta ya kondoo, hasa yale ya kuzunguka figo, huyeyuka kwenye nyuzi joto 44 hadi 50 hivi, na mdomo wa binadamu una nyuzi 37. Mchuzi ukishapoa mezani, yale mafuta huganda kwenye ulimi na kwenye kaakaa, na mlaji anabaki na utando mzito mdomoni ambao chai ya moto ndiyo inayouondoa. Watu huuita uvundo wa kondoo, kumbe ni mafuta yaliyoachwa mengi na chakula kilicholetwa baridi. Mafuta ya mkia ni laini zaidi na huyeyuka mapema. Kondoo wetu wengi wa Afrika Mashariki, wakiwemo wale wekundu wa Kimaasai, wana mkia au makalio yenye mafuta, na mafuta hayo ni mazuri ukiyatumia kwa kipimo.

Kuchagua nyama

Ukipata nafasi ya kumwona mnyama kabla hajachinjwa, mfungue mdomo. Kondoo ana meno ya mbele kwenye taya la chini tu. Akiwa bado na meno yote madogo ya utotoni, yuko chini ya mwaka mmoja au ndiyo anaufikia. Akishaota meno mawili makubwa katikati, amevuka mwaka. Akiwa na manane makubwa, ana kama miaka minne, na huyo atataka moto wa muda mrefu. Kwa mchuzi, wa meno mawili ndiye ninayempenda: nyama ina ladha iliyokomaa na mifupa yake inatoa supu nzito. Mwanakondoo wa miezi minne au mitano ni mlaini sana, lakini mchuzi wake hauna nguvu. Huyo mpeleke kwenye makaa.

Buchani huna meno ya kuangalia, kwa hiyo angalia rangi. Nyama ya kondoo mchanga ni nyekundu iliyofifia, na mafuta yake ni meupe yaliyoshikana. Nyama iliyokolea kuelekea rangi ya damu ya mzee, yenye mafuta ya njano na makavu pembeni, ni ya mnyama mkubwa au imekaa siku nyingi. Mifupa nayo inasema: kwenye kondoo mchanga, sehemu iliyokatwa ina wekundu na unyevu, kwa mzee ni nyeupe na ngumu.

Sehemu bora kwa mchuzi ni bega, shingo na muundi wa mguu wa mbele. Hizo zimefanya kazi maisha yote ya mnyama, zina kano na ngozi laini ndani ya nyama, na hivyo vitu vikipikwa polepole hugeuka ute unaoufanya mchuzi uwe mzito bila unga wala chochote. Paja lina mnofu mwingi na linapendeza machoni, ila halina mafuta ya ndani, hivyo hukauka upesi. Ukiwa na paja peke yake, omba uongezewe kipande cha shingo. Mbavu zina mafuta mengi. Chache zinanogesha, nyingi zitakuharibia.

Mwambie mchinjaji hivi: "Kaka, nipimie kilo moja na nusu, bega na shingo, na mifupa yake. Nikatie kwa msumeno, tafadhali, usipige shoka." Akikataa kwa sababu hana msumeno, mwombe akate kwenye maungio ya mifupa tu, vipande vikubwa utavigawa mwenyewe nyumbani. Shoka na panga huuvunja mfupa vipande vidogo vyenye ncha, navyo hujificha ndani ya mchuzi hadi mtoto aking'ate. Vipande viwe vikubwa kidogo, kama nusu ya kiganja. Vidogo mno vitayeyuka kabla kano hazijalainika.

Na kama nyama imetoka kwenye kondoo aliyechinjwa nyumbani, siku ya Idi kubwa au ya akika, usiikimbilie. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na nyama ikipikwa katika hali hiyo inakuwa ngumu hata ukiichemsha mpaka jioni. Siku hiyo kula maini na figo. Bega na shingo ziweke kwenye friji, zimefunikwa, uzipike kesho yake.

Vitu vya kuandaa

Nyama ya kondoo yenye mifupa, kilo 1.5
Vitunguu maji 3 vikubwa
Nyanya 4 zilizoiva vizuri, na nyanya ya kopo kijiko 1 cha mezani
Kitunguu saumu punje 10
Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole
Viazi 4 vya wastani
Nazi 2 zilizokomaa
Giligilani kavu kijiko 1 cha mezani
Binzari nyembamba kijiko 1 cha chai
Manjano nusu kijiko cha chai
Pilipili manga nzima nusu kijiko cha chai
Iliki 5, karafuu 3, kijiti 1 cha mdalasini
Pilipili mbuzi 1 au 2
Ndimu 1, kotmiri fungu dogo, chumvi

Mafuta ya kupikia hayamo, na sikuyasahau.

Usiongeze viungo kwa kudhani ndivyo vitakavyoificha harufu. Masala mengi juu ya kondoo aliyejaa mafuta hutoa mchuzi wenye harufu mbili zinazogombana. Iliki na giligilani hukaa vizuri na kondoo. Karafuu tatu zinatosha, kwani ya nne huanza kuufanya mchuzi unukie kama dawa ya meno. Ukipata iliki mpya, zile za Usambara zenye ganda la kijani na mbegu nyeusi zinazonata, utaona tofauti kubwa na zile nyeupe zilizolala dukani tangu mwaka juzi.

Kuisafisha na kuikata

Weka nyama kwenye ubao na uwe na kisu kikali. Kwa nje bega limefunikwa utando mkavu kama karatasi. Uingize kisu chini yake, uinue, uuvute kwa mkono. Unatoka kwa vipande vikubwa. Chini yake kuna tabaka la mafuta meupe. Hilo usiliondoe lote: bakiza unene mdogo tu, mpaka uone nyama ikichungulia. Vidonge vikubwa vya mafuta vilivyo katikati ya misuli vitoe kabisa. Kama umenunua paja, ndani ya mafuta yaliyo nyuma ya goti kuna tezi, kidonge cha rangi ya kijivujivu chenye ukubwa wa maharage au zaidi. Ikate yote na mafuta yanayoizunguka, kwani ikibaki huacha uchungu.

Mafuta uliyoyatoa, kama ni meupe na ya mkia au ya juu ya bega, weka pembeni kiasi cha ngumi ya mtoto. Ya kuzunguka figo tupa. Yaliyogeuka njano tupa.

Kuosha nyama kwa maji mengi ni mazoea ya nyumba nyingi. Ukitaka kutoa vumbi la mfupa, suuza upesi kwenye beseni badala ya chini ya bomba, maana maji yanayoruka hutawanya vijidudu jikoni kote, kisha sinki na ubao vioshwe kwa sabuni kabla hujakata kachumbari. Ndimu usiitie kwenye nyama mbichi ukailaza nayo usiku kucha. Juu inaiva kwa asidi na kuwa kavu, ndani haibadiliki. Twanga nusu ya saumu na nusu ya tangawizi, changanya na vijiko viwili vya chai vya chumvi, paka nyama yote, uiache saa moja. Usiku mzima kwenye friji ni bora zaidi, kwa sababu chumvi inapata muda wa kuingia hadi mfupani.

Supu kwanza

Kuna njia mbili. Moja ni kuikaanga nyama mbichi mpaka iwe kahawia, kisha kumimina maji na kupika vyote pamoja. Kwa ng'ombe ni njia nzuri. Kwa kondoo nashikilia ile ya wazee wetu wengi wa pwani, ya kuchemsha nyama kwanza, kuitoa, kisha kuunga mchuzi kwa ile supu. Unapoteza kidogo ule ukavu wa kukaangwa, lakini unapata nafasi ya kuyaona mafuta yote yamepanda juu na kuamua mwenyewe hatima yake. Ukishatia nyanya na tui huwezi tena kuyatenganisha.

Weka nyama kwenye sufuria kubwa yenye kitako kizito, mimina maji baridi yapande juu ya nyama kwa vidole viwili, kama lita mbili, uinjike bila kifuniko. Maji baridi yana sababu: yanapopata joto taratibu, damu na uchafu hutoka na kupanda kama povu la kijivu. Engua povu hilo kwa subira, dakika kumi za mwanzo, mpaka litokee jeupe na jepesi. Ndipo utie mdalasini, iliki mbili ulizozipasua na karafuu. Punguza moto.

Moto sasa ndio kila kitu. Supu isitokote. Utazame uso wake: viputo viwili vitatu vinapanda upande mmoja, vinapasuka, uso unatulia, vinapanda tena. Kiwango hicho ndicho unachokitaka. Zile kano huanza kugeuka ute pale nyama inapofikia nyuzi 70 hivi na kukaa hapo kwa muda mrefu, wakati moto mkali huikaza misuli na kuikamua maji yake, ukapata nyama inayochanika nyuzi lakini kavu mdomoni. Tena supu inayotokota kwa nguvu huyachanganya mafuta na maji, ikawa nyeupe kama iliyotiwa maziwa, na mafuta yaliyochanganyika hivyo huwezi kuyaengua.

Kwenye jiko la mkaa, toa makaa nusu na ufunge mlango wa chini ukiacha upenyo. Kwenye gesi, hamia jiko dogo. Kama bado linawaka sana, funika nusu tu. Kondoo mchanga atakuwa tayari kwa saa moja na robo. Wa meno mawili, saa moja na nusu hadi mbili. Mkubwa zaidi, mbili na nusu. Aliye Nairobi, Arusha au Kigali aongeze kama robo ya muda, kwa sababu kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100, na hata ukipalia makaa hayapandi zaidi ya hapo. Mwenye sufuria ya presha apike dakika 25 hadi 30 baada ya mvuke kuanza kutoka, kisha aiache ishuke yenyewe. Ukiachia mvuke ghafla, nyama inakakamaa.

Robo saa kabla ya nyama kuiva, tia viazi ulivyomenya na kukata nusu. Viive hapa hapa kwenye supu. Kiazi kibichi kikitiwa kwenye mchuzi wenye nyanya hukawia sana kulainika, kwa sababu uchachu wa nyanya hukikaza, na unajikuta unangoja kiazi huku nyama inamomonyoka.

Nyama imeiva pale uma unapoingia bila kusukumwa na mnofu umerudi nyuma ukaacha ncha ya mfupa wazi, lakini ukiinua kipande bado kinashikana. Usingoje ianguke. Bado ina kama nusu saa na zaidi mbele yake.

Kuengua

Toa nyama na viazi kwenye bakuli, uvifunike. Epua supu uiache itulie dakika kumi hadi kumi na tano. Inamisha sufuria kidogo kwa kuiwekea kitambaa kilichokunjwa chini ya upande mmoja. Mafuta yatajikusanya upande wa chini, safu ya rangi ya dhahabu juu ya supu ya kahawia. Laza upawa mlalo juu kabisa, uushushe polepole hadi ukingo wake ulingane na uso wa mafuta, yaingie yenyewe. Ukiuzamisha unachota supu. Rudia mpaka zibaki duara ndogo ndogo zinazoelea. Hizo ziache, ndizo ladha.

Utakuwa umepata mafuta mengi kuliko ulivyotarajia. Pima vijiko vitatu vya mezani vya kukaangia. Kama kondoo alikuwa mkonda na hayakufika, kata kile kipande cha mafuta uliyoweka pembeni kiwe vipande vidogo sana, ukiyeyushe kwa moto mdogo na kijiko cha maji. Yanayozidi yatie kwenye chupa, uyaweke kwenye friji. Viazi vikikaangwa humo vinakuwa vitamu ajabu. Kwa mgeni ambaye unajua ana kinyongo na kondoo, tumia kijiko kimoja cha mafuta hayo na viwili vya mafuta ya alizeti.

Chuja supu, ubakize vikombe viwili na nusu upawa kwa mchuzi, au vitatu na nusu upawa kama hutatia nazi. Inayobaki mpe aliyepika anywe na ndimu na pilipili manga. Ni haki yake.

Kukamua tui

Hili unaweza kulifanya nyama ikiwa jikoni. Chagua nazi kwa kuitikisa: isikike maji, na yale macho yake matatu yawe makavu yasiyo na ukungu. Ukiivunja, ionje kabla ya kuikuna, maana nazi moja iliyochacha inaharibu sufuria nzima. Ikune kwenye mbuzi, ukiacha ganda la kahawia la ndani. Mimina kikombe kimoja cha maji vuguvugu, kanda kwa vidole dakika mbili, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ni tui la kwanza, kasimile. Liweke peke yake. Rudisha machicha, mimina vikombe viwili vya maji vuguvugu, kamua tena upate tui la pili. Maji ya moto sana usitumie, yatakuunguza na yatayeyusha mafuta ya nazi yajitenge mapema.

Asiye na mbuzi akate nazi vipande avisage kwenye blenda na maji hayohayo. Aliye Muscat, London au Minneapolis, ambako nazi bora haipatikani kila wiki, atumie kopo moja la mililita 400. Alitikise, achukue nusu alichanganye na kikombe kimoja na nusu cha maji liwe tui la pili, nusu iliyobaki iwe kasimile. Asome maandishi kwenye kopo. Linalofaa lina nazi na maji na kitu kidogo cha kulishikanisha, halina sukari.

Kuunga mchuzi

Kaanga giligilani, binzari nyembamba na pilipili manga kwenye kikaango kikavu, dakika mbili tu, mpaka harufu ipande, kisha uzitwange pamoja na mbegu za iliki tatu zilizobaki.

Mafuta uliyoyaengua yana maji ndani. Yaweke sufuriani kwa moto wa wastani bila kitu kingine, usikilize. Yatalia na kurukaruka. Yakinyamaza, maji yameisha, na hapo ndipo utie kitunguu ulichokata vipande vyembamba. Ukikitia mapema kitachemka badala ya kukaangika. Mpe kitunguu dakika kumi na mbili hadi kumi na tano ukikoroga mara kwa mara. Kwanza kitalegea, kisha kitakuwa cha dhahabu, kisha ncha zitaanza kuwa kahawia. Simama hapo. Kikipita kinautia uchungu mchuzi wote.

Tia saumu na tangawizi zilizobaki, zigeuze kwa dakika moja. Tia manjano na viungo ulivyotwanga pamoja na nusu upawa wa supu ili visiungue. Kisha nyanya ulizokuna au kukatakata na ile ya kopo. Hapa watu wengi hukosa subira. Nyanya itoe maji, maji yakauke, rangi ikolee kutoka wekundu wa mbichi kuwa wekundu wa tofali, na mafuta yaanze kujitenga pembeni mwa sufuria. Dakika kumi hadi kumi na mbili. Nyanya isiyokauka huacha uchachu mbichi, na uchachu huo ndio unaokuja kulikata tui baadaye.

Rudisha nyama, uigeuzegeuze ndani ya rojo hilo dakika tano, ishike rangi. Mimina vikombe viwili vya supu, ongeza viazi, ufunike, moto mdogo, robo saa. Asiyetaka nazi aishie hapa: aongeze kikombe kimoja cha supu, apike robo saa nyingine, aonje chumvi, amalize na ndimu na kotmiri. Ni mchuzi kamili, na kwa ugali au chapati una wapenzi wake.

Anayeendelea, atie tui la pili na pilipili mbuzi nzima zisizopasuliwa. Acha wazi, moto mdogo, robo saa, mchuzi upungue kidogo. Sasa onja chumvi, kwa sababu supu iliyopungua huwa imekolea na nazi huipunguza makali.

Kasimile huingia mwisho, moto ukiwa mdogo kabisa. Tangu unapoimimina usiondoke. Chota mchuzi kwa upawa, uinue juu, uumimine tena taratibu, chota, mimina, ukizunguka sufuria nzima. Mwendo huo unaupoza mchuzi na kulizuia tui lisichemke mahali pamoja. Tui likiachwa litokote, protini zake huganda na mafuta yanajitenga, ukaona vipande vyeupe vinaelea kwenye maji. Linaweza kuliwa lakini si mchuzi tena. Dakika tano hadi saba, mpaka uone kiputo cha kwanza pembeni. Epua. Likionyesha dalili ya kukatika kabla ya hapo, toa motoni mara moja, tia vijiko viwili vitatu vya maji baridi na uendelee kuchota na kumimina. Mara nyingi hushikana.

Ndimu ikamuliwe baada ya kuepua, kidogo kidogo, huku ukionja. Kondoo anahitaji uchachu kidogo wa kuyakata mafuta. Wapendao ukwaju walowanishe tonge dogo na walitie pamoja na supu, si na tui. Kotmiri juu, funika, upumzike dakika kumi.

Mezani

Sahani zipashwe moto. Zimimine maji ya moto, zifute, pakua. Hatua hii ndogo inazuia yale mafuta kuganda, na ndiyo inayomfanya asiyependa kondoo aombe kuongezewa. Bakuli kubwa la mchuzi lifunikwe, liongezwe mezani kidogo kidogo badala ya kupakuliwa lote.

Wali mweupe ndio mwenzake wa kwanza. Wali wa nazi juu ya mchuzi wa nazi unachosha. Chapati inafaa. Mkate wa mofa, ukiupata, unafyonza mchuzi vizuri kuliko vyote. Pembeni weka kachumbari yenye ndimu nyingi na pilipili, kwani mdomo utaitafuta kila baada ya matonge machache.

Ukitaka kupika leo ule kesho, ishia kabla ya tui. Poza upesi, weka kwenye friji ndani ya saa mbili, na kesho yake utakuta mafuta yaliyosalia yameganda juu kama nta. Yainue kwa kijiko, pasha moto, ndipo utie tui la pili na kasimile kama kawaida. Viungo huwa vimeingia zaidi, na wengi huupenda wa siku ya pili. Ukishatiwa tui hautaki kulala nje ya friji hata usiku mmoja, hasa kwa joto letu la pwani. Kwenye friji unakaa siku mbili au tatu, na ukipashwa upashwe kwa moto mdogo, upawa mkononi, ukichota na kumimina tena mpaka uwe moto hadi katikati ya nyama.